Ukoo wa Bibi Tatu: gemu ya Idi pili

Kaka Nassoro: Assalaam alaykum ndugu zangu. Watoto wameniomba tucheze Super Smash Bros. Ultimate, ile gemu ya kupigana ya Nintendo Switch, Idi pili kwa Bibi. Napendekeza uwanja uwe Temple.

Jamal: Waalaykum salaam. Temple, kaka? Mashindano ya maana hawautumii ule, mkubwa mno. Mtu akishaongoza anazunguka tu yale magofu, wenzake wanamfukuza mpaka muda unakwisha. Twende Battlefield. Vijukwaa 3, mnatazamana, hakuna pa kukimbilia.

Shangazi Mwanahawa: Temple ndiyo nini wanangu?

Kaka Nassoro: Shikamoo shangazi. Ni uwanja wa kupigania humo ndani ya gemu, magofu ya hekalu la mawe yanayoelea angani. Umetoka kwenye gemu za Zelda. Uliingia na Melee, Smash ya mwaka 2001, wakaurudisha kwenye Smash za 2008, 2014 na hii ya 2018. Hata muziki wake ni wa Zelda ya 1987. Mimi nimekua nao.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba.

Jamal: Na mimi naupenda, ila si kwa kushindania.

Kaka Nassoro: Nisikilize Jamal. Humu hufi kwa kupigwa. Kila ukipigwa asilimia zako zinapanda, na zikipanda unarushwa mbali zaidi, mpaka siku unavuka mpaka. Battlefield ukifika 120, anayejua anakutoa kwa pigo moja. Temple kule chini kuna pango, lina dari na kuta. Unarushwa, unagonga dari, unarudi ulipo. Ukibonyeza kinga palepale unapogonga, hata hudundi. Wachezaji wa zamani waliliita Pango la Uhai. Mtoto anafika 250 na bado yumo.

Kaka Nassoro: Mwaka jana Sabra alitolewa mara 3 kabla hata hajajua vibonyezo, akaenda kukaa jikoni. Ule uso wake sijausahau.

Yusra: Mimi nilimfuata. Alikuwa analia kimyakimya.

Jamal: Hilo sikulijua wallahi. Nilidhani amekwenda kula.

Jamal: Basi Temple. Lakini runinga ya Bibi ni inchi 32. Mkiwa 8 mle, kamera inarudi nyuma mpaka wapiganaji wanakuwa kama sisimizi. Sabra atajiona wapi?

Kaka Nassoro: Hapo umesema kweli. Sikufikiria runinga.

Baba Sabra: Yangu ni inchi 55. Naileta na gari asubuhi, nitafutieni meza imara tu.

Kaka Nassoro: Mungu akuweke kaka. Wadogo wote 8 wataanza Temple, wakubwa tutafuata Battlefield wawili wawili, Jamal asimamie. Padi: kila jozi ya Joy-Con, zile padi ndogo za Switch, ukiitenganisha zinakuwa 2, unashika kwa mlalo. Jozi 4 zinatosha. Mimi ninazo 2.

Yusra: Ninayo moja. Na zile silaha zinazodondoka msizime, wadogo wanazipenda.

Jamal: Ya nne nakuja nayo. Nitaichaji usiku.

Baba Sabra: Nimemsomea Sabra hapa. Anauliza hilo pango linaingiliwa wapi.

Kaka Nassoro: Mlete kesho baada ya Alasiri, nimwonyeshe kabla wenzake hawajafika.