Tupeane uzoefu: vitabu vya kale vya historia ya Amu na nakala zake mpya

Kijana wa Mkomani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mada ni vitabu vya kale vya historia yetu watu wa Amu, yaani Lamu, na hizi nakala zinazochapishwa upya siku hizi. Nani ameagiza, nani amechapisha mwenyewe, na mambo yalikwendaje?

Kinachonisukuma ni kwamba habari zetu zilishapigwa chapa zamani, ila mbali na hapa. Khabari Lamu ya Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy ilitolewa na William Hichens mwaka 1938 katika jarida la Bantu Studies huko Afrika Kusini. Habari za Pate, kisiwa jirani yetu, alizitoa Alice Werner mwaka 1914 na 1915, nazo vilevile zikaingia katika jarida la wataalamu, London. Mtoto wa shule hapa Amu akitaka kusoma alichoandika mzee wa Amu kuhusu mji wake, aanze kusaka jarida la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia! Hili linaniuma. Kwangu mimi kazi ianzie kwenye hivyo viwili, na wasimamizi wawe watu wanaokijua Kiamu, lahaja yetu. Haya, semeni, na mabaya msiyafiche.

Mwalimu wa Langoni
Wa alaykum salaam. Nafundisha historia sekondari. Kwa miaka mingi nilikuwa nasomesha vita vya Shela, vile vya 1812 au 1813 hivi, kwa aya moja ya kitabu cha kiada: Amu wakawashinda Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisha wakamwendea Sayyid Said wa Oman awalinde. Basi. Wanafunzi wanaandika, wanasahau.

Nilipopata fotokopi za habari za Amu na za Pate, niligawa darasa pande mbili, kila upande ukasoma masimulizi ya mji wake. Darasa liliwaka moto. Wenye asili ya Pate hawakukubali kabisa kuambiwa wao ndio wachokozi, na wa Amu wakawa wanataka majina: nani alikuwa na nani, nani aliahidi nini. Kengele ikalia hawajanyanyuka. Na Shela yenyewe iko pale, wanaenda kuogelea kila Jumapili. Jioni ile baadhi yao walikwenda mchangani wenyewe kubishana majahazi yalitia nanga wapi.

Lakini nawatahadharisha wenye kutaka kuchapisha. Habari za Pate si maandishi mamoja. Mwingereza Stigand alizitia kwa Kiingereza katika kitabu chake cha 1913, akizipokea kwa Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa masultani wa Pate. Za Werner ni nyingine. Na yasemwa mswada wa asili ulipotea Waingereza walipoupiga mji wa Witu, bara ya hapa, mwaka 1890. Marina Tolmacheva amezikusanya nakala hizo na kuzilinganisha katika kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1993, na ukizisoma pamoja unaona miaka na majina ya masultani hayawiani kila mahali. Anayechukua nakala moja akaipiga chapa bila kueleza ni ipi na imetoka kwa nani, amemtendea msomaji vibaya.

Bint Shela
Maalim, hapo umesema. Mimi yangu ni ya Utendi wa Mwana Kupona. Bibi yangu anaujua kwa moyo tangu msichana, na mwenyewe husoma khati za Kiarabu tu, hizi herufi za shule hazijui. Nikamnunulia toleo jipya, zuri, gamba linang'aa. Akalifungua, akalipindua, akanirejeshea. Akasema, "Mwanangu, nisomee wewe." Utungo wa mwaka 1858, mama wa Kipate amemuusia binti yake kwa khati, na leo mwanamke anayesoma khati hana nakala ya kununua.

Nikaingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo cha SOAS cha London, wana picha za miswada ya Kiswahili, nikatafuta mpaka nikaupata. Nikaenda nao duka la fotokopi, nikaomba waukuze, beti chache kwa kila ukurasa. Sasa ninyi hamkumuona bibi na ule mswada. Kwanza hakusoma. Alishika ukurasa karibu na mato (macho), akafuata mistari kwa kidole, kisha akaniambia mwandishi huyu mkono wake mzuri lakini hapa kwenye nukta amefanya haraka. Akaanza kusoma kwa sauti, na palipotofautiana na anavyoujua yeye alisimama, akasoma vyake. Nimeyaandika yote pembeni kwa penseli.

Ombi langu kwa yeyote mwenye kuchapisha: tieni khati upande mmoja na herufi za kirumi upande wa pili. Wazee wetu ndio wanaoweza kusahihisha, na tunawafungia mlango.

Mtoto wa Faza
Miswada ya Msikiti wa Riyadha hapa Amu ilishapigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, mtu anaisoma bure mtandaoni. Wengi hapa hawajui. Tuanzie huko kabla ya kununua chochote.

Fundi wa Jalada
Salaam. Nina duka la fotokopi na nafunga vitabu. Nimeletewa nakala nyingi zilizoagizwa nje, za zile kampuni zinazochapa kitabu kimoja kimoja kwa oda. Mteja mmoja alileta kitabu cha safari za Krapf, yule mmisionari Mjerumani, toleo la 1860. Ramani iliskaniwa ikiwa imekunjwa, kwa hiyo ulionekana mkunjo na kipande cha pwani, basi. Ukurasa mmoja ulikuwa na kidole cha aliyeskani, kimeziba mistari. Alilipa pesa nzuri. Wakati lipo toleo la kampuni ya Frank Cass, London, la 1968, lenye utangulizi wa mtaalamu, na mtumba wake hupatikana ukivumilia. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, uliza: ni picha ya kurasa au yamepigwa upya na kompyuta? Ramani zipo? Nani amehakiki? Wakikosa jibu, achana nao.

Wenye vitabu nyumbani: msivibane chini ya glasi ya mashine, uti wa mgongo utakatika. Fungua nusu, egemeza gamba kwenye mito miwili, piga picha kwa juu, taa kila upande. Maandishi ya kawaida yanatosha nukta 300 kwa inchi, khati nyembamba nenda 400 au zaidi. Na msishangae mswada wa babu kuwa imara kuliko kitabu cha 1940. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara, zilizokuja baadaye ni za mbao na zina asidi, zinajila zenyewe. Hizo ndizo za kupiga picha kwanza.

Wakili, Malindi
Niongezee la sheria. Kenya haki za mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Stigand alifariki 1919, Werner 1935, kwa hiyo kazi zao ni huru hapa. Kitabu cha 1993 alichokitaja Maalim bado kina mwenyewe. Tafsiri mpya na utangulizi mpya pia vina haki zao, hata kama kitabu chenyewe ni cha kale. Na mswada wa nyumbani kwa watu, hata haki za mwandishi zikiwa zimekwisha, ombeni idhini ya familia kwa maandishi. Nimeona ndugu wakikosana kwa picha za simu.

Kijana wa Mkomani
Shukrani nyote. Fundi, tukiweka khati na kirumi kama alivyosema Bint Shela, bei itapanda sana?

Fundi wa Jalada
Kurasa zitakuwa mara mbili, lakini gamba ni moja na kushona ni kule kule. Mimi nitashona kwa uzi, gundi peke yake kwa joto letu huachia. Nileteeni kwanza Khabari Lamu iliyo kamili, nihesabu kurasa, ndipo niwape bei.

Mwalimu wa Langoni
Ninayo. Jumamosi baada ya alasiri nakuja nayo dukani. Bint Shela, mwombe bibi naye aje, ama tumfuate nyumbani.