Tupeane uzoefu: adapta ya hedifoni ya detekta uliyoiunda mwenyewe

Wakuu, detekta yangu ya kutafuta vyuma ardhini ina tundu pana la hedifoni, lile la milimita 6.35, na ni mono, yaani lina njia moja tu ya sauti. Hedifoni niliyoizoea ni ya stereo, kila sikio na njia yake, pini milimita 3.5. Nilipochomeka kwa adapta ya kununua, sikio la kushoto likasikia, la kulia kimya. Nikadhani hedifoni imekufa upande mmoja. Kumbe ile pete ya katikati ya pini ya stereo, ikiingia kwenye tundu la mono, inagusana na ardhi (sehemu ya shina la pini, njia ya umeme kurudi), hivyo sikio la kulia halipati kitu.

Nikaunda ya kwangu: pini ya mono huku, tundu la stereo kule. Ncha na pete za tundu nimeziunganisha, zikaenda kwenye ncha ya pini. Ardhi kwa ardhi. Waya mbili tu. Masikio yote yakaamka, na ule mlio hafifu wa kitu kilicho chini sana, ambao kwenye spika unamezwa na upepo, sasa naupata. Nimefurahi mno. Walioshaunda waje, hasa mtuambie palipowakwamisha.

KoiliPana: Mimi nilikwama kwenye waya. Nilikata waya wa hedifoni chakavu, ndani nikakuta nyuzi nyembamba kama nywele, nyekundu, kijani na za rangi ya shaba, zimesokotwa na uzi wa nailoni. Nikalehemu, kwa macho risasi imeshika, lakini mita ya kupimia umeme haisomi. Nilirudia mara tatu ndipo nikaelewa: zile rangi ni vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Yeyusha tone la risasi kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, zamisha nyuzi humo, shikilia sekunde chache mpaka zitoe moshi na kung'aa kama fedha. Moshi ule usiuvute. Hapo sasa lehemu.

Mchimba Jioni: Mkuu, ongeza rezista, kile kipande cha kuzuia umeme kiasi. Sikio la omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na jingine la omu 32 ukiziunganisha sambamba, bega kwa bega kama ulivyofanya, zinabaki omu 16, na detekta nyingine hazina kitufe cha kupunguza sauti ya hedifoni. Koili yangu, ile duara ya chini ya detekta, ilipita juu ya bati lililofukiwa juujuu, mlio ukanipiga, masikio yakavuma hadi usiku. Nikaweka rezista ya omu 100 kwenye waya wa ncha.

Mwanzisha mada: Pole sana ndugu. Na milio hafifu haikupotea?

Mchimba Jioni: Ilipungua, ndiyo maana baadaye nikaitoa nikaweka potenshomita ya omu 500, yaani rezista ya kurekebisha kwa kitufe cha kuzungusha. Nafukia sarafu kwenye kina ambacho detekta inaigusa kwa shida, halafu nazungusha kitufe polepole mpaka mlio wake usikike bila kukaza sikio. Naacha hapo. Bila jaribio hilo unaweza kujikinga masikio huku unapita juu ya vitu vyote vizuri.

Sikio Moja: Msiunganishe kwa mfululizo, yaani ncha na pete huku ardhi ya hedifoni ikiachwa. Sauti inatoka, ila sikio moja linasukuma wakati jingine linavuta, mlio unakuwa kama uko nje ya kichwa. Sambamba ndiyo njia.

Nyika: Mimi nilitaka kukwepa waya, nikaunganisha kitumaji cha Bluetooth cha kawaida. Sauti ilichelewa kama sekunde 0.2. Ukipitisha koili kwa mita 1 kwa sekunde, hiyo ni sentimita 20 pembeni ya shabaha. Nilichimba mashimo matupu asubuhi nzima. Nimerudi kwenye waya, na siuachi.

KoiliPana: Nimesahau kitu. Kabla ya kulehemu, kifuniko cha pini na kile kimpira kinachosinyaa kwa joto vitangulie kwenye waya, maana baada ya kulehemu havipiti tena. Na piga fundo dogo ndani ya kifuniko, ili waya ukinaswa na kichaka mvuto uishie kwenye fundo na risasi isibanduke.

Mwanzisha mada: Fundo sikuliweka. Nafungua yangu leo hii.