Klabu ipi ya lacrosse ya kusafiri inamkuza mtoto kweli? (tuko Maryland)

MamaKulwa:
Wadau habari za jioni, hasa nyie mlioko huku Baltimore na kandokando. Kijana wangu ana miaka 11, alianza lacrosse, ule mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa stiki yenye wavu, kwenye ligi ya mtaa miaka miwili iliyopita na sasa analala na stiki kitandani. Mi nimekulia Mwanza, huu mchezo nilikuwa hata siujui, nimefika huku nakuta ndo mchezo rasmi wa timu wa jimbo zima toka 2004. Sasa klabu mbili zinamtaka. Moja inashinda sana, hudi kali, mashindano mpaka New Jersey, na ada yake jamani ni bei ya kiwanja kabisa nyumbani. Nyingine haina jina, bei nafuu, mazoezi mara mbili kwa wiki. Baba yake anataka yenye vikombe, mi roho inasita. Nyie mlichaguaje? Sitaki nilipe hela yote hiyo mtoto akakae benchi kulinda chupa za maji.

BabaWawili:
Pole dada, mimi nilichomeka hapo hapo. Kijana wa kwanza tulimpeleka timu ya vikombe, tunatoka nyumbani saa kumi usiku, gesi juu yangu, hoteli juu yangu, halafu mechi nzima anacheza dakika sita, nilizihesabu. Nikiuliza kochi ananiambia nivumilie. Na mazoezi yenyewe sasa, watoto ishirini na kitu wamepanga laini wakingoja zamu ya kurusha mpira mmoja, si hiyo ni foleni ya benki? Wa pili alibaki timu ndogo na saa hii stiki anaijua kumshinda kakake.

kochi_mstaafu:
Nimefundisha watoto huku misimu kadhaa. Mama, mechi achana nazo kwanza, nenda mazoezini siku ya kawaida yenye baridi, kaa pembeni, mtafute yule mtoto dhaifu kuliko wote umwangalie yeye tu. Anagusa mpira mara ngapi? Kuna mtu anamrekebisha mkono wa kushoto au wanamzomea tu? Kochi anayejua kazi anawagawa vikundi vidogo, watatu kwa watatu au sita kwa sita kama ile itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, maana wakiwa wachache hakuna pa kujificha.

La pili ni nafasi. Uwanja mkubwa wa wavulana ni watu 10, yani kipa, watatu nyuma, watatu kati, watatu mbele, na mtoto wa miaka 11 inabidi azunguke kote. Ukiona mrefu kapewa stiki ndefu ya beki na ndo imetoka hiyo, basi hapo wanatafuta ushindi wa Jumapili. Timu nyingi za umri huo zinashinda kwa sababu zina mtoto mmoja aliyewahi kukua, anabeba mpira anapita katikati ya wenzie kama daladala, hatoi pasi. Wakifika 15 wote wamerefuka na yeye pasi hajui.

Halafu waulize watoto wangapi wa mwaka jana wamerudi. Kuna klabu kila mchujo zinaleta waliokwisha iva kwingine na kuwaacha wa zamani, hao wanavuna tu, kupalilia hawajui.

mwana_wa_Thika:
Naongeza moja tu, usidanganywe na story za skolashipu. Makochi wa vyuo vya Divisheni ya Kwanza, lile daraja la juu la michezo ya vyuo huku Marekani, hawaruhusiwi kuongea na mtoto kuhusu kumsajili mpaka Septemba 1 akiwa darasa la 11, yani amebakiza mwaka mmoja baada ya huo kumaliza sekondari, na Divisheni ya Tatu haina skolashipu za michezo kabisa. Kwa hivyo mtu akikuambia wa miaka 11 "ataonekana", huyo anauza hudi. Mnunulie mpira mtafute ukuta, arushe na kudaka kila siku mikono yote miwili, ukuta hauna ada.

MamaKulwa:
Asanteni sana. Jumanne nimeenda kote. Ile kubwa wazazi tunaambiwa tukae kwenye magari, sijaona kitu. Ile ndogo kochi kawaweka wote mkono wa kushoto robo saa nzima, hata kipa, wangu kadondosha mpira hadi akataka kulia, kochi akapiga goti akamshikisha stiki upya. Nikamwelezea baba Kulwa akaniuliza "kwani wana vikombe vingapi?" Alhamisi naenda naye, anavaa koti anakaa pale pembeni na yeye.