Naomba ushauri: kreatinini iko kawaida, lakini figo zinazidi kuwa kubwa

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 34 na ninaishi Iringa. Baba yetu alifariki kwa ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vya maji, na kwa kuwa kila mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi, mimi na dada yangu mkubwa tulipimwa kwa ultrasaundi. Mimi nikakutwa nao, yeye hakukutwa, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kinachonitatiza ni vipimo vya damu. Kreatinini yangu, yaani taka ya damuni inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, iko kawaida, ila nimesoma kwamba inaweza kubaki hivyo kwa miaka mingi huku vifuko vikiongezeka, kwa sababu sehemu nzima za figo hufidia zilizoharibika. Nimesoma pia kuhusu kopeptini, ambayo huakisi kiwango cha vasopresini, homoni inayochochea vifuko hivyo kukua.

Je, yupo aliyewahi kupimwa kopeptini hapa nchini, iwe Mbeya au Dar es Salaam? Au nitosheke na kufuatilia kreatinini, shinikizo la damu na ukubwa wa figo? Nina watoto wawili wadogo, hivyo nitashukuru sana kwa majibu ya wataalamu na ya wenye uzoefu.