Je, kutafsiri vitabu kulitosha kuleta mageuzi ya hisabati Harvard?

Mdadisi
Ndugu wanajukwaa, kila ninaposoma habari za Chuo cha Harvard, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19 nakutana na jina la John Farrar, aliyeshika kiti cha uprofesa cha Hollis cha hisabati na fizikia kuanzia 1807 hadi 1836. Anasifiwa kuwa mwanamageuzi, ilhali kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri vitabu vya Wafaransa. Je, sifa hizo anazistahili?

Mwalimu Mstaafu
Anazistahili, ndugu yangu, ukizingatia alichokikuta. Wanafunzi walikuwa wakisomeshwa kitabu cha Samuel Webber cha 1801, ambacho kilikuwa mkusanyiko wa mambo yaliyotoka kwa waandishi wa Kiingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa bado wameng'ang'ania alama za Newton za kalkulasi (hisabati ya mabadiliko), yaani vile vidoto vinavyowekwa juu ya herufi, wakati Ulaya bara ilikuwa imejenga mekanika nzima kwa alama za Leibniz. Aliyefundwa kwa vidoto pekee hakuweza kufungua kazi za Laplace, mwanahisabati Mfaransa, akaelewa chochote. Farrar alitoa aljebra ya Lacroix mwaka 1818, jiometri ya Legendre mwaka 1819 na kalkulasi ya Bézout mwaka 1824, kisha akaongeza vitabu vya mekanika, umeme na sumaku, mwanga na astronomia. Huo ni mtaala mzima, si kitabu kimoja.

Msomaji wa Pwani
Namheshimu Mwalimu, lakini tusimpambe Farrar kupita kiasi. Bézout alifariki mwaka 1783, kwa hiyo kalkulasi iliyofika Harvard mwaka 1824 ilikuwa tayari imezeeka, na mwanahisabati Cauchy alikuwa ameshachapisha huko Paris mihadhara yake iliyoanza kuipa kalkulasi msingi imara. Isitoshe, kitabu kipya mikononi mwa mwanafunzi anayeendelea kukariri somo kama zamani hakibadilishi sana ufundishaji. Kwa upande huo nawapa tuzo wanajeshi wa West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani: Sylvanus Thayer alirudi kutoka Ufaransa na shehena ya vitabu, akakabidhiwa uongozi wa chuo mwaka 1817, na humo Claude Crozet, mhitimu wa École Polytechnique, chuo cha uhandisi cha Paris, alifundisha jiometri ya michoro (ya kuonyesha maumbo ya pande tatu kwenye karatasi) kwa kutumia ubao. Ubao si jambo dogo. Mwaka 1830 zaidi ya wanafunzi 40 wa Yale, chuo kingine cha Marekani, walifukuzwa kwa sababu walikataa kuchora wenyewe ubaoni maumbo ya mikato ya koni (mistari inayopatikana koni inapokatwa) bila kutazama kitabu.

Mwalimu Mstaafu
Hoja ya Bézout naikubali, ingawa nadhani Farrar alimchagua kwa makusudi, maana vijana wale wasingemmudu Cauchy. Tukumbuke pia kwamba kiti kile kilitolewa kwanza kwa Nathaniel Bowditch, baharia aliyejisomea mwenyewe, naye akakikataa, kisha akatafsiri kazi kuu ya Laplace juu ya mwendo wa sayari kwa gharama zake, akijaza hatua ambazo Laplace alizipita kwa kusema tu kwamba ni rahisi kuona. Aliyemsaidia kusoma nakala za uchapaji ni Benjamin Peirce, aliyehitimu Harvard mwaka 1829. Peirce alipopata uprofesa aliziweka kando tafsiri za Farrar na kuandika vitabu vyake, vifupi na vigumu mno, hata wanafunzi wengi wakayakimbia masomo ya juu ya hisabati mara yalipofanywa ya hiari.