Bastola yenye tochi si kurunzi ya nyumbani! Nimechoshwa na huu ujinga

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Juzi usiku umeme ulikatika hapa kwangu. Shemeji alikuwa amekuja kututembelea. Anamiliki bastola kihalali, kibali anacho, na wiki chache nyuma alifungiwa tochi chini ya mtutu, akawa anaisifia kama mtu aliyenunua gari jipya. Nikasema ngoja nipapase simu nimulike. Kabla sijainuka jamaa kashachomoa kitu kiunoni, mwanga mweupe pee umejaa sebule nzima. Anamulika makochi, anamulika chini ya meza, eti ananisaidia kutafuta simu. Mara mwanangu wa miaka 6 akatoka chumbani anafikicha macho. Shemeji akageuka kumtazama, na mwanga ukageuka naye. Ukatua usoni kwa mtoto.

Nikamwambia taratibu, "Shemeji, shusha hiyo." Akacheka. "Si ni tochi tu, shemeji."

Tochi tu! Risasi iko chemba, tayari kutoka, magazini, kile kikasha cha risasi, imejaa, mdomo wa mtutu unatazama paji la uso la mwanangu, halafu naambiwa tochi tu.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini nilipopoa kidogo nikagundua shemeji ni sehemu tu ya tatizo. Kubwa ni waliomuuzia na kumfungia hicho kidude bila kumwambia jambo lolote la maana. Nilimuuliza: walikufundisha nini? Akasema walimwonyesha pa kubonyeza, wakamwambia mwanga wake una nguvu ya lumeni 1,000 na betri inabadilishwa hivi. Basi. Dakika tano, asante karibu tena.

Kila aliyewahi kushika silaha mbele ya mkufunzi makini anazijua zile kanuni nne za usalama alizozieneza Jeff Cooper, mkufunzi wa silaha wa Marekani. Hesabu kila silaha ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae mbali na triga mpaka umeshalenga. Mjue unayemlenga na kilicho nyuma yake. Sasa tochi ya bastola wanakuuzia kwa ajili ya ile ya nne, umtambue aliye gizani, na ni kweli inasaidia sana. Ila imefungwa sambamba na mtutu! Ukimulika kitu moja kwa moja umekielekezea bastola. Unatimiza ya nne kwa kuivunja ya pili, na aliyekuuzia yuko kimya.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake ni rahisi. Ndani ya nyumba, mwanga wa lumeni 1,000 huna haja ya kumpiga nao mtu usoni. Elekeza mtutu sakafuni mbele ya miguu yako, mwanga unadunda, chumba chote unakiona, mpaka mikono ya mtu unaiona. Nimejaribu mwenyewe kwa tochi ya kawaida ukumbini na nikasoma maandishi kwenye kalenda ya ukuta wa mbali. Na ukitaka kutafuta simu, funguo, paka, sijui nini, chukua tochi ya mkononi! Mwenye tochi kwenye bastola ndiye anayehitaji ya pili mfukoni kuliko mtu yeyote.

Haya, tuje kwenye swichi.

Kuna tochi zinazowashwa kwa kidude pembeni, mbele ya duara linalolinda triga. Hizo angalau kidole gumba cha mkono wa kushoto kinafika. Halafu kuna za kubana, kitufe kimekaa kwenye mpini chini kidogo ya triga, unawasha kwa kukaza vidole vya mkono uleule unaofyatua. Nani alikaa akaona hili ni wazo zuri? Mwaka 2010 huko Texas, Marekani, askari mmoja alimpiga mtu risasi akamuua, akaeleza kwamba alikusudia kuwasha tochi. Na huyo amepitia chuo cha polisi. Shemeji yangu amepitia dakika tano za kaunta.

Mwili wenyewe una hila zake. Ukishtuka vidole vinajikunja bila kukuuliza, na mkono mmoja ukikaza ghafla, wa pili nao hukaza. Ndiyo maana kidole cha shahada hakipaswi kutumwa kazi ya swichi hata kidogo. Kikishazoea safari ya kwenda mbele na kurudi kupita kando ya triga, siku ya kiwewe kitashukia njiani.

Kesho yake asubuhi nikamwambia shemeji atoe kila kitu mezani. Magazini nje, slaidi, lile gamba la juu, nyuma, nikatazama chemba kwa macho, nikaingiza na kidole. Tukachukua mkoba wa kiunoni aliouziwa, ule wanaosema unakubali tochi za kila aina. Kwa kuwa tochi ni nene kuliko bastola, mdomo wa mkoba umeachwa mpana. Bastola ikiwa imezama yote ndani, nikachukua kalamu ya wino nikaipenyeza pembeni. Ikaingia bila kugusa popote mpaka kwenye triga. Nikaisukuma kidogo. *Tak.* Bastola ikafyatuka, tupu. Shemeji akanyamaza. Hebu fikiria badala ya kalamu ni kamba ya jaketi au pindo la shati, na risasi iko ndani.

Akaniambia pia kwamba wakati wa kumfungia, fundi aliishika bastola ikiwa na magazini yake na akaisukuma tochi kwenye reli, ile mifereji ya chini ya mtutu, kwa kiganja kutokea mbele. Yaani kiganja mbele ya mtutu! Mimi hapo sikuwa na la kusema. Na nyie mnaotoa betri nyumbani huku bastola imejazwa, vidole vikizunguka mdomo wa mtutu, mnajijua. Toa risasi kwanza. Au ichomoe tochi uifanyie kazi mbali na silaha.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia mimi mwoga, silaha siijui, mwanga unampofusha mwizi. Sawa, unampofusha, na unakuachia mikono yote miwili kwenye bastola, hilo sibishi. Unamwonyesha pia ulipo, ila tuliache hilo. Swali langu ni moja: wewe umeshafanya mazoezi mangapi ya giza na silaha tupu, ukiwasha na kuzima, mtutu chini, kidole kimelala ubavuni mwa bastola? Au umefunga kwa sababu inapendeza kwenye picha?

Wauzaji mliomo humu, jibuni basi. Mnashindwa nini kumwambia mteja sentensi mbili kuhusu mtutu kabla hamjapokea hela yake?

Shemeji amenuna, tangu siku ile ya kalamu hapigi simu. Nimemnunulia tochi ya mkononi, ndogo, inaingia mfukoni. Ipo hapa juu ya friji, aje aichukue. Bastola aiache kwake.