Vumbi la jipsamu limenishinda, naomba ushauri

Assalam aleikum ndugu zangu. Nipo Fuoni, Unguja. Juzi fundi kamaliza kupiga msasa dari ya jipsamu sebuleni, na vumbi jeupe kama unga wa ngano limeingia kila pahala: mapanga ya feni, nyavu za madirisha, hata ndani ya makabati yaliyofungwa. Nikifagia linapaa, baadaye linatua tena. Nimepiga deki, likageuka uji, likakauka michirizi myeupe kwenye marumaru.

Mwanangu ana pumu. Nimempeleka kwa bibi yake, na sitaki arudi mpaka nyumba iwe salama.

Nianze na dari kwa kitambaa kibichi? Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi inafaa, au itapuliza lile laini litoke tena kwa nyuma?